Kilo Sita za Bibi Shamba

"Kwa hiyo niende nikamwambie nini daktari?" Mwanahamisi aliuliza. "Kwamba nimepungua kilo nne na mume wangu hajafurahi?"

"Sijasema sijafurahi."

"Tangu alfajiri unasema nini basi?"

"Nasema nenda ukapimwe damu. Nauli ipo. Panda basi la kesho."

"Daktari ameandika niendelee hivi hivi hadi Machi. Barua ile pale chini ya redio. Kasome."

Shafii hakwenda kuisoma. Alikuwa ameshaisoma mara tatu, na mkewe alikuwa amemwona akiisoma. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake mikononi kama mtu anayetafuta ilipoanzia. Ilikuwa Jumapili, Januari, saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limeshaanza kuyaliza mabati, naye Mwanahamisi alikuwa ameketi mkekani amevaa sweta la bluu la shule, la binti yao Zuhura, lililomfika nusu ya mikono.

"Mtu mwenye baridi kwenye jua hili," Shafii alisema, "hajapona."

"Sikusema nimepona. Nimesema napungua."

Barazani, Somoe, dada yake Shafii, alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Hakuna aliyemkaribisha kwenye ugomvi, lakini wifi hahitaji kukaribishwa.

"Wifi, mwanaume akikazana mkewe asafiri, mkewe asikazane kubaki?" alisema bila kugeuka. "Siku hizi wanatupeleka hospitali kama wanavyopeleka baiskeli kwa fundi. Ukirudi unakuta amenunua nyingine."

"Somoe, nyamaza," Shafii alisema.

"Nimenyamaza. Nazi ndiyo inasema."

Mwanahamisi alimtazama mumewe. Walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na minane, na alijua kwamba Shafii akidanganya hukohoa, na akiona aibu huzungusha kofia. Hakuwa amekohoa.

"Kuna mtu unataka aje hapa?"

"Astaghafirullahi. Mama Zuhura, mimi nakuambia habari ya damu."

"Na mimi nakuuliza kwa nini. Nipe sababu moja. Moja tu, nitapanda basi."

Shafii akavaa kofia, akasema anakwenda ghalani kukagua magunia, akaondoka. Jumapili hakukuwa na kazi ghalani, na wote watatu walilijua hilo.

"Na hizo kilo nne," Somoe alisema, "zimetokea sehemu gani? Maana mimi nakuona vilevile. Gauni la Idi halifungi zipu."

"Limesinyaa kwa kufuliwa."

"Gauni la tetroni, wifi. Tetroni haisinyai."

Mwanahamisi aliamini mizani kuliko zipu, kwa sababu alikuwa mtu wa shule.

Alikuwa na stashahada ya kilimo, na tangu mwaka 1989 alikuwa bibi shamba wa Namkole, kijiji cha mikorosho na mihogo mbele ya kijiji cha Ziwani, mkoani Mtwara. Watu wa Namkole walimwita Bibi Shamba hata misibani. Aliwafundisha kupogoa, kunyunyiza salfa, kuanika korosho, na alipowafundisha hakubembeleza. Mkulima akileta korosho mbichi alimwambia mbele ya wenzake kwamba ameleta maji kwenye gunia. Walimwogopa kidogo na walimheshimu sana, na hakuona haja ya kutenganisha hayo mawili.

Tezi lilimwota shingoni baada ya uzazi wa mwisho. Wanawake wa huku wengi wana tezi, hulifunika kwa ushungi na kuendelea na maisha, naye alifanya hivyo miaka saba hadi likaanza kumkaba akilala chali. Mwaka 2001 alipasuliwa kwenye hospitali ya misheni, safari ya siku nzima kwa basi. Kovu lilipona vizuri. Shida ilianza baadaye. Mwili ukaanza kujaa bila kuongezewa hata tonge. Alikuwa na kilo sitini na tisa alipoingia chumba cha upasuaji; miaka miwili baadaye alikuwa na themanini na nane. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Sauti ikawa nzito kama ya mwadhini mwenye mafua. Alilala kwenye mikutano ya kijiji, yeye aliyekuwa akiwaamsha wengine.

Daktari alimweleza kwa maneno machache, na Mwanahamisi alimpenda kwa sababu hiyo.

"Tezi lililobaki ni dogo, haliwezi kuuendesha mwili wote. Kidonge hiki ndicho tezi lako sasa, kila asubuhi kabla ya kula, maisha yako yote. Kikiwa kidogo, mwili unasinzia na kunenepa. Kikizidi, moyo unakwenda mbio, na moyo ukienda mbio sana unaweza kusimama. Kazi yetu ni kutafuta kipimo chako."

"Kwa nini tusikitafute leo?"

"Damu inapimwa Dar es Salaam, majibu yanachukua miezi, na wakati mwingine yanapotea njiani. Kwa hiyo utanisaidia. Jipime uzito kila wiki, mizani ileile, saa ileile, kabla ya chai. Hesabu mapigo. Andika, nitumie Desemba. Ukiendelea kunenepa nitakuongezea dawa. Ukipungua, maana yake kipimo kimekaa sawa, hatukigusi."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa tangu Septemba. Namba zikipanda, dawa itaongezwa. Zikishuka, itabaki kidonge kimoja. Mwanahamisi aliona ni mpango safi.

Pamoja na kidonge aliweka juhudi zake. Aliacha ugali wa muhogo, jambo ambalo Namkole ni kama kuacha kusalimia. Aliacha nazi. Aliiacha baiskeli ya serikali ukutani, akawa anatembea kwa miguu hadi mashamba ya mbali, na wakulima walimwona akitokea kwenye mikorosho anahema, na sweta lake kiunoni. Wengine walimpa pole. Wengine walisema Shafii hamlishi. Mzee mmoja alimshauri asikonde haraka, maana miaka hii mtu akikonda haraka watu wanaanza kuhesabu waliolala naye. Kliniki ya Ziwani ilikuwa na mizani nzuri, lakini alikwenda mara moja tu. Alipanga foleni na wajawazito, na mmoja wao, binti wa miaka ishirini, akamwuliza kwa heshima zote, "Shikamoo mama. Wa mwezi wa ngapi?" Hakurudi tena.

Akachagua mizani ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Ilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani, na karani wake alikuwa mumewe. Ni mizani ya chuma ya kupimia magunia, yenye jukwaa chini na mkono juu, wenye mistari ya namba na jiwe la kusogeza, na kwenye ncha ya mkono huo kuna kisahani kinachoning'inia cha kuwekea mawe. Ina sifa moja inayowashangaza wageni: jiwe dogo la kiganjani kwenye kisahani hubeba gunia zima jukwaani.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba Shafii alimpima akicheka. "Korosho daraja la kwanza," alisema. "Themanini na nane."

Novemba ilipoanza, wiki ya mvua za kwanza, ilikuwa themanini na sita. Mwanahamisi aliteremka, akapanda tena. Themanini na sita. Mwisho wa Novemba, themanini na tano. Katikati ya Desemba, themanini na nne. Aliziandika kwenye daftari la mistari, akazitazama kila jioni kama mtu anayetazama picha ya mtoto wake. Kweli usingizi ulikuwa palepale, na baridi, na miguu ilikuwa imevimba hata kandambili ziliacha alama. Aliyaandika hayo yote kwenye barua ya daktari. Lakini aliyaandika chini, na namba aliziandika juu, na daktari, kama yeye, alianza kusoma juu. Akajibu: inaonekana kipimo kinakaribia kukaa sawa, tusihatarishe moyo, endelea na kidonge kimoja, tuonane Machi.

Kulikuwa na jambo jingine msimu ule, ingawa Mwanahamisi hakuliunganisha na lake. Wakulima walilalamika. Bakari, mzee wa mikorosho mia mbili ambaye hajui kusoma lakini anajua kuhesabu debe, alisema gunia lake lina madebe yaleyale ya mwaka jana, lakini uzito umeshuka. Mwanahamisi alimjibu mkutanoni. Alieleza habari ya unyevu, alieleza siku tatu za kuanika juani, na alipoona bado wananung'unika alimaliza hivi: "Mizani hii hii ndiyo inayonipima mimi kila wiki. Kama inaiba, ingeniibia na mimi."

Watu wakacheka, wakatulia. Shafii alikuwa nyuma ya meza, ameinama akitafuta kalamu.

Jumatatu, siku moja baada ya ugomvi, Mwanahamisi alikwenda Mtwara mjini kupeleka ripoti ya mwezi. Alimaliza mapema, akashuka mtaa wa Chikongola kutafuta viatu vya namba kubwa zaidi. Nje ya duka la vitenge alimkuta mzee ameketi kwenye kigoda, mbele yake mizani ndogo ya kukanyagia imewekwa juu ya kipande cha zulia, na boksi limeandikwa PIMA UZITO SH. 100.

Mizani aliyokuwa nayo kijijini ilitosha. Alitoa mia kwa sababu alitaka kusikia namba yake ikisemwa na mtu asiyemfahamu.

"Tisini na mbili," mzee alisema.

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri. Umebeba mkoba na umevaa sweta la mtoto wa watu. Vua tukuhurumie."

Mwanahamisi akavua sweta na viatu, akaweka mkoba chini.

"Tisini kamili. Ilikuwa tisini na kidogo, hicho kidogo nimekusamehe."

"Mizani yako mbovu, babu."

"Kila mnene ananiambia hivyo. Wembamba hawajawahi kulalamika."

"Nina kilo themanini na nne. Nimepimwa juzi Jumamosi."

"Na nani?"

"Na mume wangu."

Mzee alimtazama kwa upole. "Mume mzuri," alisema.

Mwanahamisi alivuka barabara akaingia duka la dawa lenye mizani ndefu ya kusimamia. Akapanda. Akarudi kwa mzee akiwa ameshika viatu mkononi.

"Wamesema ngapi?" mzee aliuliza.

"Tisini."

"Keti." Akampisha nusu ya kigoda. Aliitwa Mikaeli, na alikuwa amefanya kazi bandarini miaka ishirini na saba, kwenye maghala ya korosho, hadi mgongo ulipokataa. "Mizani mbili zikikubaliana na moja ikakataa, mwongo ni hiyo moja. Ya kwenu ni ya namna gani?"

Akamweleza.

"Hiyo naifahamu. Hiyo ukitaka kuijua usiiulize kwa maneno, na usimwulize karani. Bandarini tulikuwa tunaitupia mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Kilo hamsini, kiwandani wamepima, hakuna wa kubishana naye. Ikisema hamsini, rudi hapa unitukane. Isiposema hamsini, angalia chini ya kisahani. Saruji haina mume."

Mwanahamisi alikaa pale muda mrefu kuliko alivyokusudia. Hakuwa akifikiria magunia. Alikuwa akifikiria kidonge. Kama ni tisini, basi hakupungua nne, ameongezeka mbili. Na kama ameongezeka, kidonge kimoja hakijawahi kumtosha, na miezi hii yote mwili wake ulikuwa unasinzia huku yeye akiupongeza. Halafu akamfikiria Shafii mlangoni na kofia yake. Nenda ukapimwe damu. Sababu moja, alimwambia. Moja tu.

Akanunua mfuko wa saruji. Alilala kwa binamu yake, na Jumanne alfajiri akapakia saruji kwenye lori lililokuwa linakwenda Namkole kuchukua korosho. Jumanne ilikuwa siku ya manunuzi, na ilikuwa ya mwisho kwa msimu ule.

Walifika saa moja kasoro. Magunia yalikuwa yamepangwa mstari mbele ya ghala tangu usiku, kila moja likimshikia mwenyewe nafasi, na wenyewe walikuwa ng'ambo ya barabara kwa mama ntilie wakinywa chai. Ghalani alikuwamo Shafii peke yake. Wapakiaji wawili wa lori wakaushusha mfuko, na Mwanahamisi akawaonyesha jukwaa la mizani.

"Hiyo ya nini?" Shafii aliuliza.

"Ya sakafu ya jikoni. Pima."

"Saruji haipimwi, Mama Zuhura. Imeandikwa."

"Najua imeandikwa. Nataka kusikia mizani inasemaje."

"Mwenyekiti wa chama hajafika."

"Saruji haina mwenyekiti. Pima."

Wapakiaji wakatazamana, wakakumbuka kwamba nao hawajanywa chai, wakatoka. Shafii akasogeza jiwe kwenye mkono wa chuma, taratibu, hadi mkono ukatulia. Hakuisema namba. Mwanahamisi akaisoma mwenyewe. Arobaini na nne.

Akainama, kwa shida, mkono mmoja umeshika goti, akatazama chini ya kisahani kinachoning'inia. Kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kipande cha mpira mweusi wa baiskeli. Akakibonyeza kwa kidole. Vilikuwa vitatu, vidogo, vigumu. Chubwi za nyavu, risasi ambazo wavuvi wa Ruvuma huzifunga ili wavu uzame.

"Kila moja inakula kilo ngapi?"

"Mbili." Sauti ya Shafii ilikuwa ya kawaida, hata ikamshangaza mwenyewe. "Ya kwanza tuliweka Novemba, mvua zilipoanza. Mwenyekiti alisema korosho zina maji, zitapungua ghalani na lawama itakuwa yetu. Nikaona ni kweli. Ya pili akasema mvua zimezidi. Ya tatu hakusema kitu, alinipa tu."

"Na mimi nilikuwa na maji?"

Shafii akavua kofia, akaiweka mezani.

"Umenipima Jumamosi ngapi tangu Novemba? Ulikuwa unasogeza hilo jiwe, unanitajia namba, naandika. Ulikuwa unafikiri nini?"

"Ulikuwa unafurahi," Shafii alisema. "Mara ya kwanza nilisahau. Wallahi, nilisahau kama ipo. Ukateremka, ukapanda tena, ukacheka. Hukuwa umecheka tangu upasuliwe. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Halafu ukawaambia watu mkutanoni. Halafu ukaandika barua. Kila nikifika mlangoni nakuta mlango umezidi kuwa mzito."

"Ndiyo ukanitafutia dirisha. Nenda kapimwe damu."

"Ungepimwa, daktari angeona. Angekuongezea dawa, na mengine yangebaki huku."

"Mengine yangebaki wapi?"

Ng'ambo ya barabara mtu alicheka kwa sauti, na vikombe vikagongana kwenye beseni. Shafii akasogea karibu.

"Sikiliza. Leo ndiyo mwisho. Jioni nazitoa, nazitupa chooni, msimu ujao mwenyekiti atafute karani mwingine. Wewe mwandikie daktari leo hii. Mwambie aongeze sita kwenye kila namba. Dawa utapata. Hakuna atakayeumia."

"Oktoba hakukuwa na kitu. Novemba mwanzoni kulikuwa na kilo mbili. Ya pili uliweka Jumamosi gani?"

Shafii akafikiri. "Sikumbuki."

"Basi hata mimi siwezi kumwambia aongeze ngapi na wapi. Daftari lote ni takataka." Alilisema hilo kama anavyosema mche una ugonjwa. "Nitampelekea namba moja, ya leo, na nitamweleza kwa nini zile nyingine azichane."

"Sawa. Mweleze. Daktari ni mtu wa siri."

"Na Bakari?"

"Bakari ana mikorosho mia mbili."

"Nilimwambia aanike siku tatu. Mbele ya watu. Nilimwambia mizani ingeniibia na mimi."

"Mwanahamisi." Miaka ilikuwa imepita tangu amwite kwa jina lake. "Ukisema, nalala ndani. Mwenyekiti ana ndugu, mimi sina. Atasema karani. Zuhura yuko kidato cha pili."

Hilo lilikuwa kweli, naye hakulipinga. Alisimama akilipima kama alivyopima mengine. Angeweza kutoka pale, kuvuka barabara, kunywa chai na Bakari, na kabla ya Ijumaa barua ingekuwa kwa daktari. Kidonge kingekuwa viwili. Angeamka, angetembea, labda hata gauni la tetroni lingefunga. Mwili wake ungepata haki yake kwa kificho, na wale wenye magunia wangemaliza msimu wakiamini kwamba hawajui kuanika korosho, kwa sababu Bibi Shamba alisema. Na Jumamosi ijayo angejipima wapi, na namba hiyo angemwamini nani aisome?

Akasikia kandambili zikivuka barabara.

"Utazitoa wewe au nizitoe mimi?"

Shafii hakusogea. Mkono wake ulikwenda kichwani kutafuta kofia, lakini kofia ilikuwa mezani.

Mwanahamisi akachukua kisu cha kufungulia magunia, akainama tena, akaukata mpira. Chubwi tatu zikamwangukia kiganjani; zilikuwa na uvuguvugu wa ghala. Mkono wa mizani ukapanda ukagonga juu. Akalisogeza jiwe mwenyewe hadi ukatulia. Hamsini. Akaushika mfuko wa saruji kwa pembe mbili, akauburuta nje ya jukwaa, akasimama akihema.

Bakari alikuwa wa kwanza kuingia, nyuma yake wanaume kumi na tano hivi na wanawake watano, midomo bado ina sukari.

"Bibi Shamba, shikamoo yako nimeiacha kwenye chai," Bakari alisema. Walikuwa watani tangu zamani. "Leo na wewe unauza?"

"Leo nauza. Karibuni wote, sogeeni mwone." Hakupaza sauti, sauti yake nzito ilitosha. "Katikati ya Desemba nilijipima hapa nikapata kilo themanini na nne. Jana nimepimwa mjini mara mbili. Nitazamani. Kuna anayeona nimekonda?"

Lilikuwa swali la hatari kumjibu mwanamke, tena mke wa karani, tena Bibi Shamba.

"Bakari, jibu. Umri wako unakuruhusu."

"Hujakonda," Bakari alisema. "Mungu akusamehe, umezidi."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Sikukonda. Korosho zenu nazo hazikuwa na maji." Akafungua kiganja, akakizungusha ili walio nyuma nao waone. "Hizi zilikuwa chini ya kisahani tangu Novemba. Kila moja inakula kilo mbili kwa kila gunia. Aliyeziagiza mtamwuliza akifika. Aliyezifunga ni huyu hapa, mume wangu. Na niliyewaambia mwanike siku tatu ni mimi."

Kila mmoja alikuwa anahesabu magunia yake.

Mwanahamisi akavua sweta, akaliweka mezani. Akavua viatu vipya vya namba kubwa. Akapanda jukwaani pekupeku mbele ya wanaume wa Namkole, akanyoosha mgongo, akaweka mikono pembeni.

"Baba Zuhura," alisema, "sogeza jiwe. Bakari, wewe simama nyuma yake. Jiwe likitulia, mwambie akuonyeshe mstari kwa kidole, na asome kwa sauti, wa mlangoni asikie."

Shafii akaja kwenye mizani. Jiwe likapita, likarudi, likatulia. Akaonyesha mstari kwa kidole. Bakari akainama akaukazia macho kana kwamba anajua kusoma.

"Tisini," Shafii alisema, kwa sauti, na wa mlangoni akasikia.